Dhamana ya Gari Ikimalizika, Haki ya Mnunuzi Nayo Humalizika?

 

Katika maswali yanayotufikia kwa wingi siku hizi ni haya ya magari yaliyotumika. Familia moja ya Pemba ilitusimulia yao. Baba na watoto wake walikusanya fedha za karafuu, wakanunua gari ya abiria kwa shilingi milioni 12. Muuzaji aliwaandikia dhamana ya injini ya siku 30. Siku ya 37 injini ikaanza kugonga, na siku ya pili yake ikazimika njiani isiwake tena. Walipomrejea muuzaji aliwaonesha tarehe kwenye karatasi, akawaambia kuwa dhamana imekwisha na wao wameshamalizana. Wakatuuliza: je, na sheria ya Allah inasema hivyo?

Tunasema, na Allah Ndiye Mwenye kuafikisha: kuna mambo mawili hapa ambayo watu huyachanganya.

La kwanza ni dhamana ya karatasi. Hii ni ahadi aliyojifunga nayo muuzaji kwa hiari yake, kwamba kikiharibika kitu ndani ya muda fulani atakitengeneza. Waislamu hufungwa na masharti yao, basi ni wajibu kuitekeleza. Muda ukipita, ahadi hiyo imekwisha, na hatuwezi kumlazimisha aiendeleze.

La pili ni haki ambayo haikuandikwa na muuzaji, bali imewekwa na Sharia: khiyari ya aibu. Mnunuzi akigundua kasoro iliyokuwemo tangu kabla hajakabidhiwa, inayopunguza thamani na ambayo hakuijua, ana hiari ya kukirudisha kitu na kuchukua fedha zake. Haki hii haikupimwa kwa siku 30 wala 90. Kipimo chake ni kimoja: kasoro ilizaliwa mikononi mwa nani?

Imamu Nawawi katika Minhaj ameeleza kuwa kasoro iliyotokea baada ya makabidhiano haimpi mnunuzi hiari, isipokuwa ikiwa imetokana na sababu iliyotangulia. Hapa ndipo penye jibu la suala letu. Injini kufa siku ya 37 si hoja ya muuzaji wala ya mnunuzi. Hoja ni kilichoiua. Ikiwa iliuzwa tayari inakula oili na beringi zimelika, sababu ni ya kale. Ikiwa mnunuzi aliendesha bila maji mpaka ikachemka, au hakuitazama oili tangu alipoinunua, msiba ni wake. Na ikiwa ni uchakavu wa kawaida unaojulikana kwa gari ya umri ule, hiyo haiitwi aibu, kwani anayenunua kikuukuu amekubali ukuukuu wake.

Mfano umeonekana hata kwa magari mapya. Mwaka 2015, huko Marekani, kampuni ya Hyundai iliyarejesha kwa matengenezo magari takriban 470,000 aina ya Sonata, ya miaka 2011 na 2012. Mabaki ya chuma kutoka kiwandani yalibakia katika njia za oili za injini, oili ikawa haifiki vizuri kwenye beringi, na injini zikawa zinakufa barabarani baada ya miaka ya kutumika. Kampuni ikaongeza muda wa dhamana ya injini hizo. Injini ilikufa mkononi mwa mwenye gari, lakini ugonjwa ulitoka kiwandani.

Ama muuzaji aliyeijua kasoro akaificha, jambo lake ni zito zaidi. Mtume (S.A.W.) aliingiza mkono katika rundo la chakula sokoni akakuta umajimaji ndani yake, akamkemea muuzaji kwa kutouweka juu watu wauone. Pia alikataza kumwacha mnyama siku kadhaa bila kukamwa ili chuchu zijae na mnunuzi adanganyike. Mafaqihi wakaliunganisha na hilo la mwenye kinu cha maji anayeyazuia maji, kisha huyaachia wakati wa kuuza ili kinu kionekane kina nguvu. Basi kutia oili nzito ili mlio wa injini usisikike, kuifuta taa ya onyo kwenye dashibodi, au kurudisha nyuma kilomita, yote ni mlango huo huo. Ni haramu, na humpa mnunuzi hiari.

Wengine husema, "Nauza kama ilivyo, sitaki lawama." Katika kauli yenye nguvu ya madhehebu yetu ya Shafii, sharti hilo humwokoa muuzaji katika kasoro ya ndani ya mnyama ambayo hakuijua tu, si katika vitu vyengine. Mahanafi wamelipanua zaidi. Lakini hakuna aliyehalalisha kuficha kasoro inayojulikana. Ibn Umar (R.A.) aliwahi kumuuza mtumwa kwa sharti kama hilo. Mnunuzi akalalamika kuwa ana maradhi, na Uthman (R.A.) akamtaka Ibn Umar aape kuwa hakuyajua. Yeye akakataa kuapa, akampokea mtumwa wake.

Sasa, mnunuzi afanye nini?

Kwanza, asichelewe. Haki hii ni ya papo hapo kwa kadiri ya ada. Aliyegundua usiku anangoja asubuhi, aliye kwenye Sala au chakula anamaliza, lakini si kukaa miezi.

Pili, aache kuitumia gari. Anayeendelea kubeba abiria baada ya kujua kasoro ameonesha kuridhia, na haki yake huanguka. Ama alichochuma kabla ya kujua ni chake, kwa sababu gari ingeharibika siku zile ingeharibika juu yake.

Tatu, atafute mafundi wawili waadilifu. Kufungua injini kwa kadiri ya kuijua kasoro hakumzuii kuirudisha. Mafaqihi wamepiga mfano wa nazi, ambayo ubovu wake haujulikani mpaka ivunjwe. Wakikosa ushahidi kama kasoro ni ya kale au mpya, neno ni la muuzaji pamoja na kiapo chake.

Nne, ikiwa gari imepata dosari nyengine mikononi mwake, kama kugongwa mlango, hawezi kuirudisha kwa nguvu. Muuzaji asiporidhia kuipokea hivyo, wapatane: ama irudi pamoja na fidia ya mlango, ama mnunuzi abaki nayo na arejeshewe sehemu ya bei. Hesabu yake ni hii: mafundi wakisema gari ile ikiwa nzima ni milioni 10, na kwa kasoro yake ni milioni 8, pungufu ni moja ya tano. Atarejeshewa moja ya tano ya bei aliyolipa. Kwa milioni 12, ni milioni 2 na laki 4.

Familia ile tuliiambia: msidai kwa karatasi, karatasi imekwisha. Daini kwa fundi. Tunapoandika haya, pande zote mbili zimekubali mafundi wawili waifungue injini mbele ya wazee, na muuzaji ameelezwa kuwa huenda akatakiwa kiapo. Wakishindwa kusikilizana, vyombo vya sheria vipo.

Tunawausia wauzaji: semeni aibu ya gari kabla hamjaulizwa. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa wawili wakisema kweli na kubainisha hubarikiwa katika biashara yao, na wakificha baraka hufutwa. Na wanunuzi: nendeni na fundi wenu, iwasheni injini ikiwa baridi, na muulize kasoro mbele ya mashahidi. Dhamana ya siku 30 huisha siku ya 30. Amana haina tarehe ya kumalizika.

Wallahu aalam. Wabillahi tawfiq.