Meno ya watoto wa PP1: ni kazi ya nani?

1/ Mkisema "serikali ipime watoto meno kabla waingie PP1", mimi huuliza: serikali gani?

2/ Katiba ya 2010 iliachia kaunti chekechea, pamoja na zahanati na hospitali za kaunti. Shule za msingi ni za serikali kuu. Kwa hivyo sisi wa Uriri tuulize Migori, si Nairobi.

3/ "Si ni meno ya utoto tu, yatang'oka?" Magego ya utoto hukaa mpaka miaka 10 hadi 12. Likioza akiwa na 4, atalitafunia vipi hiyo miaka yote?

4/ Mgombea ubunge akikuahidi hilo, kumbuka bajeti ya kaunti hupitishwa na MCA. Mwulize MCA wako: pesa ya kupima meno iko wapi?