Vepu na mapafu ya vijana: ugonjwa unaofichuliwa kwa swali

Kijana wa miaka 19 anapofika kituo cha afya huko Isansa, wilayani Mbozi, mkoani Songwe, akilalamikia kikohozi, homa, kuharisha na pumzi kubana, tabibu anajua pa kuanzia. Atampima malaria. Homa isiposhuka atafikiria taifodi au nimonia, na kikohozi kikifika wiki mbili ataagiza makohozi yapimwe kifua kikuu. Atamshauri pia apime VVU. Utaratibu huo ni sahihi, kwa sababu magonjwa hayo ndiyo yanayotutesa zaidi. Shida inaanza pale majibu yote yanaporudi safi, kijana ameshamaliza dozi ya antibaotiki, na bado anahema kama aliyetoka kupanda mlima. Hapo linabaki swali ambalo wengi wetu hatujazoea kuliuliza: je, unavuta vepu?

Vipimo vya kawaida vya maabara havilijibu swali hilo. Anayeweza kulijibu ni kijana mwenyewe.

Yaliyotokea Marekani mwaka 2019

Mwishoni mwa Julai 2019, hospitali ya watoto ya Wisconsin mjini Milwaukee, Marekani, ilitangaza kuwa imewalaza vijana wanane ambao mapafu yao yalikuwa yameharibika vibaya. Walifika wakikohoa na kukosa pumzi, na wengine walikuwa wakitapika na kukonda. Picha za vifua vyao zilifanana na za wagonjwa wa nimonia kali, lakini hakupatikana mdudu wa kulaumiwa. Madaktari waliporudi vitandani na kuwauliza maisha yao, jibu moja lilijirudia: wote walikuwa wakivuta vepu, yaani sigara za kielektroniki.

Majimbo mengine yalipoanza kuuliza swali hilohilo, wagonjwa walijitokeza nchi nzima. Hadi Februari 18, 2020, Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani kilikuwa kimehesabu watu 2,807 waliolazwa au kufariki, na vifo vilivyothibitishwa vilikuwa 68. Nusu ya wagonjwa walikuwa na miaka 24 au chini ya hapo. Ugonjwa huo ulipewa jina la EVALI.

Kwa tabibu wa Songwe, jambo la kushika zaidi ni dalili. Katika uchambuzi wa mwanzo, karibu wagonjwa wote walikuwa na tatizo la pumzi au kifua, lakini zaidi ya robo tatu walikuwa pia na kichefuchefu, kutapika, kuharisha au maumivu ya tumbo. Wengi walikuwa na homa na uchovu. Kwetu mgonjwa wa namna hiyo ataambiwa ana malaria au taifodi, na ataambiwa hivyo na mtu makini anayeijua kazi yake.

Uchunguzi wa chanzo ulikutana na kitu ambacho hakuna aliyekitarajia. Watafiti walichunguza majimaji yaliyotolewa ndani ya mapafu ya wagonjwa 51, na kwa 48 kati yao wakakuta asetati ya vitamini E. Kwa watu wenye afya waliolinganishwa nao haikuonekana. Asetati hiyo, ambayo ni mafuta, ilikuwa ikichanganywa kwenye vepu za mafuta ya bangi ili kuyaongeza na kuyafanya yaonekane mazito. Wagonjwa 8 kati ya 10 walikiri kutumia vepu zenye bangi, na wengi wao walizipata kwa marafiki au kwa wauzaji wa mitaani. Lakini takriban mmoja kati ya 7 alisema alikuwa akivuta za nikotini peke yake, kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba asiyegusa bangi yuko salama.

Kilicho salama tumboni

Vitamini E tunaila kila siku kwenye mafuta ya kupikia na karanga. Asetati yake imo kwenye losheni za ngozi na vidonge vya lishe. Tumboni haina shida, na kwenye ngozi haina shida. Ilipovutwa imehusishwa na vifo.

Wakulima wa Isansa wana mfano mwingine ulio karibu nao. Kahawa ya Mbozi inapokaangwa, sehemu ya harufu ile tamu hutokana na kemikali iitwayo daiasetili, ambayo hujitengeneza yenyewe katika kukaanga. Mnywaji wa kahawa haimdhuru. Lakini mwaka 2012 wafanyakazi wawili wa kiwanda cha kahawa huko Tyler, Texas, waligundulika kuwa na makovu kwenye njia ndogo kabisa za hewa, ugonjwa usiorudi nyuma, baada ya kuvuta mvuke wa kemikali za aina hiyo kazini. Miaka 12 kabla yao, mwaka 2000, wafanyakazi wanane wa zamani wa kiwanda cha bisi huko Missouri walikuwa wamegundulika na ugonjwa uleule, kutokana na ladha ya siagi iliyotengenezwa kwa daiasetili. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walipima ladha 51 za sigara za kielektroniki na kukuta kemikali hiyo kwenye 39. Haina maana kwamba kila anayevuta vepu ataugua kama wafanyakazi wale, maana kiasi hutofautiana. Maana yake ni kwamba maandishi ya "ladha salama kwa chakula" hayasemi lolote kuhusu mapafu.

Sababu iko kwenye maumbile. Chakula hupita tumboni kwenye asidi, kikasagwa, kisha damu iliyokibeba ikapita kwenye ini ambako sumu nyingi huvunjwa. Hewa haina safari hiyo. Inashuka moja kwa moja hadi kwenye vifuko vidogo vya hewa, mamia ya mamilioni kwa kila mtu, ambavyo ukuta wake ni mwembamba mara nyingi kuliko unywele. Ndani ya kila kifuko kuna utando wa majimaji unaokizuia kisijifunge tunapotoa pumzi. Mafuta yakiuvuruga utando huo, vifuko vinajifunga, vinajaa majimaji, na oksijeni haipiti tena.

Ndani ya kifaa

Ukikifungua kifaa chenyewe utakuta betri ndogo, waya mwembamba uliosokotwa, na kipande cha pamba kilicholowa kimiminika kinachonata vidoleni. Kijana anapovuta, betri inaupasha waya moto, na kimiminika kinageuka wingu. Wingu hilo si mvuke wa maji. Ni matone madogo sana ya gliserini, propilini glaikoli, nikotini na ladha. Waya ukipata moto kupita kiasi au pamba ikikauka, hutengenezwa pia formaldehaidi na akrolini, kemikali zinazounguza koo na njia za hewa. Vyuma vya kifaa huachia chembe za nikeli, kromiamu na risasi.

Nikotini ina mambo yake. Ile ya zamani ilikuwa kali kooni, na ukali huo ulimfanya mtoto akohoe na kuacha. Vepu nyingi za sasa hutumia nikotini ya chumvi, inayochanganywa na asidi ili iteremke laini. Kijana anavuta nyingi bila kukwaruzwa koo. Ubongo wa binadamu huendelea kukua hadi karibu miaka 25, na katika umri huo nikotini hushika haraka zaidi na kuvuruga umakini, kumbukumbu na utulivu wa moyo. Mwanafunzi anayeamka akitafuta kifaa kabla ya kunawa uso, anayekuwa mkali akikikosa, asiyeweza kukaa kipindi kizima bila kutoka nje, tayari ameshikwa.

Kwa mtu mzima aliyevuta sigara miaka mingi, kuhamia moja kwa moja kwenye vepu kunapunguza baadhi ya sumu za moshi, na Uingereza huitumia njia hiyo kuwasaidia wavutaji kuacha. Kijana ambaye hajawahi kuvuta hana sumu ya kupunguza. Anaanza kuikusanya.

Mpakani na mfukoni

Isansa ni kata ya kahawa, lakini haiko mbali na barabara kuu. Bidhaa zinazopanda kutoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Zambia na Kongo hupita Mlowo, Vwawa na Tunduma, na vijana wa vijijini hufuata biashara huko huko. Kifaa kinachotosha kwenye kiganja, kinachofanana na kalamu au kifaa cha kuhifadhia mafaili ya kompyuta, hakihitaji lori ili kifike kijijini. Mzazi aliyezoea kutafuta majivu, vichungi na harufu ya moshi hataona kitu. Atasikia harufu ya embe.

Sheria nayo ilitungwa ikiilenga sigara ya kawaida. Sheria ya Tanzania ya kudhibiti bidhaa za tumbaku, inayokataza kumuuzia mtu wa chini ya miaka 18, ni ya mwaka 2003. Mwaka huohuo mfamasia wa China, Hon Lik, alikuwa akikamilisha kifaa ambacho ndicho babu wa vepu za leo. Uganda, katika sheria yake ya 2015, ilizipiga marufuku sigara za kielektroniki waziwazi na kupandisha umri wa kununua tumbaku hadi miaka 21. Oktoba 2025 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu zaidi ya milioni 100 duniani wanavuta vepu, wakiwamo watoto wasiopungua milioni 15 wa miaka 13 hadi 15. Watunga sera wetu wana mfano wa jirani, na wana sababu ya kutosha ya kutaja kifaa hiki kwa jina.

Nini kifanyike

Kwa tabibu: malaria, kifua kikuu, nimonia na VVU vibaki mbele kama vilivyo. Ongeza swali moja kwenye maelezo ya mgonjwa, hasa wa miaka 12 hadi 30: katika miezi mitatu iliyopita umevuta vepu, shisha au bangi, na ulipata wapi? Muulize akiwa peke yake, mzazi akiwa nje. Mpime oksijeni kwa kile kifaa cha kidoleni. Ikiwa chini ya asilimia 95, au hawezi kumaliza sentensi bila kupumua, mpe rufaa mapema akapigwe eksirei na kupata oksijeni. Wagonjwa wengi wa mwaka 2019 walipata nafuu kwa dawa za steroidi, lakini dawa hizo hushusha kinga na zinaweza kukiamsha kifua kikuu kilicholala. Zitolewe hospitalini, kifua kikuu kikiwa kimeshachunguzwa. Kununua prednisoloni duka la dawa kwa sababu jirani alipona nayo ni kujitafutia balaa.

Kwa mzazi na mwalimu: hapa ndipo uamuzi mgumu ulipo. Ikiwa jibu la kweli linaleta viboko au kufukuzwa shule, hakuna kijana atakayelitoa, na tabibu ataendelea kutibu malaria isiyokuwepo. Tumezoea kuamini kwamba ukali unalinda. Kwa ugonjwa huu ukali unaficha, kwa sababu ugonjwa wenyewe hauachi harufu ya moshi wala majivu, na vipimo vya kawaida vya maabara haviuoni. Kijana anayejua kwamba akisema atasaidiwa, atasema akiwa bado anatembea kwa miguu yake. Anayeogopa atasema akiwa kwenye oksijeni, kama bado anaweza kusema. Kumwekea mtoto mipaka nyumbani na kumnyang'anya kifaa ni haki ya mzazi. Kumfanya aogope kumwambia daktari si sehemu ya haki hiyo.

Kwa kijana mwenyewe: ukivuta na ukaanza kukohoa, kubanwa kifua, kutapika au kupata homa, acha siku hiyohiyo na nenda kituo cha afya. Beba kifaa na chupa ya kimiminika, hata kama huna uhakika kina nini. Sema ulikipata wapi na ulikuwa ukivuta mara ngapi. Ukishapona usirudie, kwa sababu baadhi ya waliotoka hospitali mwaka 2019 walilazwa tena, na wengine walifariki wakiwa wamesharuhusiwa kwenda nyumbani. Na kama rafiki yako ndiye anayehema na ameona aibu kusema, mwambie tabibu wewe.