MANJANO NA UBANI KATIKA MIZANI YA UTAFITI

Manjano hulimwa katika visiwa vyetu na hutumika katika vyakula vyetu kila siku, na ubani haukosekani majumbani. Kwa hiyo, habari kwamba manjano, pamoja na ubani wa Kihindi, yamejaribiwa nchini Marekani kwa ajili ya maradhi sugu ya askari wastaafu yafaa ielezwe kwa ukamilifu, isije ikachukuliwa nusu yake na kufanywa tangazo la biashara.

Maradhi yenyewe

Katika Vita vya Ghuba vya mwaka 1990 na 1991, Marekani ilipeleka askari wapatao 697,000. Baada ya kurejea makwao, wengi wao walianza kulalamikia uchovu usiokwisha, maumivu ya viungo na kichwa, usahaulifu, kukosa usingizi na matatizo ya tumbo. Kwa miaka mingi baadhi yao waliambiwa kwamba hizo ni fadhaa za vita tu. Mwaka 2008 kamati ya utafiti iliyoundwa kwa agizo la Bunge la nchi hiyo ilitoa ripoti iliyothibitisha kwamba maradhi hayo ni ya kweli, na kwamba yamempata angalau askari mmoja katika kila wanne. Kamati iliyahusisha na dawa za kuulia wadudu, na vidonge vya piridostigmini walivyopewa askari kuwa kinga dhidi ya gesi ya sumu. Hata hivyo, dawa ya kuyaponya haijapatikana.

Namna mitishamba ilivyopimwa

Mtu mwenye maradhi sugu huwa na siku za nafuu na siku za dhiki. Akinywa dawa katika siku mbaya, kisha akapata nafuu, huisifu dawa, ingawa huenda nafuu ingalikuja yenyewe. Aidha, matumaini peke yake huweza kupunguza maumivu. Ndiyo maana watafiti hulinganisha dawa na kidonge kitupu, yaani kidonge kinachofanana na dawa lakini hakina dawa ndani yake.

Katika Chuo Kikuu cha Alabama mjini Birmingham, watafiti walijaribu mitishamba 9 kwa njia hiyo. Sehemu moja ya kazi yao, iliyochapishwa mwaka 2021, ilihusu wanaume 20 na mimea 3: manjano, utomvu wa ubani wa Kihindi na gamba la msonobari wa Ufaransa. Kila mshiriki alianza kwa kuandika hali yake kwa muda wa siku 30 hivi bila ya kupewa kitu. Kisha alitumia kidonge kitupu kwa muda kama huo, akafuatisha kipimo kidogo cha mmea mmoja, na mwisho kipimo kikubwa.

Matokeo yalitofautiana. Kurkumini, kiini kinachotolewa katika manjano, ilipunguza dalili kuliko kidonge kitupu, kwa kipimo kidogo na kikubwa. Msonobari ulifaa kwa kipimo kikubwa peke yake. Ubani haukuonesha faida yoyote kuliko kidonge kitupu.

Maana yake kwa wananchi

Ifahamike kwamba huo ulikuwa uchujaji wa awali. Watu 20 ni wachache, na watafiti wenyewe walieleza kwamba uchunguzi zaidi unahitajika kabla ya kutoa hukumu. Vilevile, kilichopimwa ni nafuu ya dalili za maradhi ya askari hao. Si kisukari, wala shinikizo la damu, wala saratani.

Pia, manjano ya jikoni si sawa na kidonge cha kurkumini. Katika gramu 100 za unga wa manjano, kurkumini ni takriban gramu 3 tu, na mwili huifyonza kwa shida. Kwa sababu hiyo baadhi ya watengenezaji huchanganya vidonge vyao na kiini cha pilipili manga ili kuongeza ufyonzwaji. Nguvu hiyo inapozidi, madhara nayo hayako mbali: mwaka 2022 madaktari wa Marekani walieleza habari za wagonjwa 10 waliodhurika ini kutokana na vidonge vya manjano, na mmoja wao alifariki dunia.

Basi mwenye kutumia manjano katika mchuzi wake asiwe na hofu. Lakini mgonjwa anayetaka kutumia vidonge vya mitishamba amweleze daktari wake kwanza, hasa akiwa anatumia dawa za kuzuia damu kuganda au ana maradhi ya ini. Wala mtu asiache dawa alizoandikiwa hospitalini kwa sababu ya maneno ya muuzaji. Muuzaji akidai kwamba dawa yake imethibitishwa na utafiti, aulizwe mambo manne: ilijaribiwa kwa maradhi gani, kwa watu wangapi, kwa kipimo gani, na ililinganishwa na nini. Asiyeweza kuyajibu hayo, dawa yake bado haijathibitishwa.