Insi, si binadamu, katika ulimwengu wa Tolkien

Majuzi mwanafunzi wangu wa uzamili aliniletea tafsiri ya sehemu ya hadithi za J.R.R. Tolkien. Palipoandikwa "watu", nikakata kwa wino mwekundu, nikaandika "binadamu". Akaniuliza: "Profesa, humo ndani Adamu ni nani?"

Nikanyamaza. Binadamu ni bin Adamu, yaani mwana wa Adamu. Tolkien, aliyechapisha *The Lord of the Rings* mwaka wa 1954 na 1955, aliubunia ulimwengu wake chanzo chake, na Adamu hatajwi. Humo sisi ni mbari moja tu miongoni mwa nyingi. Jirani zetu Waelvu hawafi kwa uzee. Sisi hufa, na kifo chaitwa zawadi ya Muumba.

Basi "watu" latosha? La. Wahenga walisema mtu ni utu. Waelvu nao hupenda, huimba, huomboleza. Tukijiita sisi pekee "watu", tumewavua wao utu.

Napendekeza "insi". Kwa Kiswahili, insi hutajwa sambamba na jini: ni jina la kiumbe anayejulikana kwa kulinganishwa na mwenzake. Ndivyo ilivyo kwa Tolkien. Waelvu walituita "waliofuata", maana wao walitangulia kuzinduka duniani.

Mwanafunzi wangu hajaridhika. "Nani siku hizi anajua insi, Prof?" Hoja hiyo ni nzito. Lakini neno lisipotumika, litajulikanaje?