MLIO WA TELEFONE NA SAUTI TUNAYOITUNZA



Mara nyingi wadogo wa madarasa ya chini wanatuuliza, sisi wa mwaka wa mwisho: juu ya nini wimbo unalia vizuri kwa telefone moja, na kwa ingine unakataa? Juu ya nini korale tuliyoirekodi inasikika kama watu wanaimba ndani ya pipa? Maulizo haya mawili yana jibu moja. Tunaliandika hapa sababu si jambo la mchezo tu. Mtume Paulo aliwakumbusha Wakorintho (1 Wakorintho 14) kwamba baragumu ikitoa sauti isiyojulikana, hakuna atakayejiweka tayari.

I. Jina la mtu katika lokole

Kuita mtu kwa mlio wake si jambo jipya katika Kongo. Misionere John Carrington, Mbatisti wa Uingereza, alifika katika inchi yetu mwaka 1938. Alifundisha Yakusu, karibu na Kisangani, na mwaka 1949 alitoa kitabu juu ya ngoma zinazosema. Lokole ni gogo la mti lililochimbwa ndani, lenye midomo miwili: mmoja unatoa sauti ya juu, mwingine ya chini. Lugha ya Walokele, sawa na lugha nyingi za Kongo, ina sauti za juu na za chini. Basi mpigaji anafuata zile sauti za maneno. Na kwa kuwa maneno mengi yanafanana sauti, neno moja linageuzwa sentensi ndefu, ili msikiaji asikosee.

Kila mtu alikuwa na jina lake la lokole: lake mwenyewe, halafu la baba yake, halafu kijiji cha mama yake. Akiwa shambani ao kwenye mtumbwi, akilisikia alijua: ni mimi ninayeitwa. Hiyo ndiyo kazi ya mlio wa telefone, yaani soneri.

II. Soneri za kwanza: solfa bila waimbaji

Mwaka 1994 Nokia walitia katika telefone yao 2110 kipande cha wimbo wa gitaa wa Francisco Tárrega, Mhispania, uliotungwa mwaka 1902. Mlio huo ulienea dunia yote. Lakini shida ikaja: telefone moja ikilia sokoni, watu kumi wanapeleka mkono mfukoni. Ndiyo maana watu walitaka kila mtu awe na wake. Kwa Nokia 3210 ya mwaka 1999 mtu aliweza kuandika nota yeye mwenyewe kwa vidude vya namba.

Fahamuni vizuri: ndani ya zile telefone hamkuwa wimbo. Mlikuwa maandiko tu: piga nota hii, muda huu, halafu ile. Ni sawa na karatasi ya solfa. Karatasi haiimbi, inamwambia mwimbaji la kuimba. MIDI, iliyoanza mwaka 1983 kwa vyombo vya muziki, inafuata njia hiyohiyo, ila inaweza kupiga vyombo vingi pamoja. Faida yake: karatasi ya solfa ni nyepesi sana. Hasara yake: sauti ya mama yako haiwezi kuandikwa kwa solfa.

III. Sauti yenyewe: WAV, MP3, AMR

Kisha zikaja telefone zenye programu, kama Nokia 6600 ya mwaka 2003, halafu iPhone mwaka 2007 na zile za Android mwaka 2008. Hizo ziliweza kutunza sauti yenyewe. Hapa ndipo watu wengi wanachanganyikiwa, kwa maana sauti inatunzwa kwa namna nyingi.

a) WAV (mwaka 1991). Kwa kawaida inaweka yote, haitupi kitu. Kwa ubora wa diski ya CD, sauti inapimwa mara 44,100 kila sekunde, upande wa kuume na wa kushoto. Dakika moja inakula zaidi ya megabaiti 10.

b) MP3. Karlheinz Brandenburg na wenzake katika taasisi ya Fraunhofer, mjini Erlangen, Ujerumani, walichunguza sikio la mtu. Ngoma ikipigwa kwa nguvu, sauti ndogo iliyo karibu nayo haisikiki. Basi juu ya nini kuitunza? MP3 inatupa yale ambayo sikio lisingeyasikia. Jina la .mp3 lilichaguliwa mwaka 1995. Kwa kipimo cha kilobiti 128 kwa sekunde, dakika moja ni karibu megabaiti 1 tu. AAC ya mwaka 1997 na Ogg Vorbis ya mwaka 2002 ni ndugu zake wadogo.

c) AMR. Hii ilikubaliwa mwaka 1999 kwa ajili ya mazungumzo ya telefone. Inapima sauti mara 8,000 tu kwa sekunde, na imetengenezwa kwa kufuata koo na kinywa cha mtu anayesema. Dakika moja haifiki kilobaiti 100.

Tufanye hesabu. Tukamate karte ndogo ya zamani, ya megabaiti 128. Kwa WAV inajaa kwa dakika 12. Kwa MP3 inachukua zaidi ya saa 2. Kwa AMR inafika saa 22! Mtaona mara moja juu ya nini wenye kutengeneza telefone waliipenda AMR kwa kurekodi.

IV. Kujifanyia soneri

Usilipe feza kwa mtu wa ordinatere sokoni kama unaweza kujifanyia. Kwa telefone za Android, kata wimbo sekunde 20 ao 30, uweke katika foldere yenye jina Ringtones. Telefone itauona yenyewe. Kwa iPhone, faili ya M4A inageuzwa jina kuwa M4R, nayo isipite sekunde 40. Hapo kubadili jina kunatosha, sababu ndani ni kitu kimoja, AAC.

Lakini wengine wanakamata faili ya AMR, wanaandika .mp3 nyuma yake, na wanasema imekuwa MP3. Hapana! Kubandika karatasi ya «sukari» kwa mfuko wa chumvi hakugeuzi chumvi. Hata programu ya kweli ya kugeuza hairudishi kilichotupwa. Itakupa MP3 kubwa yenye sauti ileile mbaya.

Tena, mpe kila mtu wa nyumbani mlio wake. Akikubipu usiku, utamjua bila kuwasha taa ya telefone. Na saa ya ibada na ya masomo telefone inazimwa; hilo halihitaji maelezo.

V. Jambo lenyewe tunalotaka kusema

Soneri ikiharibika, si kitu, utatia ingine. Lakini kwa telefone hiyohiyo tunarekodi korale, mahubiri, hadisi za wazee, hata lokole. AMR inakata kila kitu kinachopita mitikisiko 4,000 kwa sekunde. Sauti ya mzee anayesema itaeleweka. Lakini mng'ao wa sauti za soprano, njuga, na ule mlio mkavu wa fimbo kwa mti, vyote vinapotea, tena vinapotea dakika ileile ya kurekodi.

Carrington mwenyewe aliona tayari katika siku zake kwamba vijana wa shule walikuwa wanaacha kujifunza lokole. Mwenye kujua akifa, hatutaweza kumwomba arudie sababu tulichagua vibaya katika telefone. Kwa hiyo tunaomba:

1. Kabla ya kurekodi, fungua mipangilio ya programu ya kurekodi, uone jina la namna yake. AMR ni ya maneno tu. Kwa wimbo na ngoma chagua WAV, ao AAC, ao MP3 ya kilobiti 128 na kuendelea.

2. Nafasi ikikosa, futa soneri na nyimbo za sokoni. Hizo zinapatikana kila mahali. Sauti ya babu yako haipatikani popote.

3. Tunza ile faili ya kwanza. Ukitaka soneri, kata kopi yake.

4. Weka kopi ya pili mahali pengine, kwa karte ingine ao kwa ordinatere. Telefone inaanguka mtoni, inaibiwa, inakufa.

5. Mwanzoni mwa kurekodi, sema kwa kinywa: jina la mwenye kuimba ao kupiga, kijiji, na tarehe. Faili inayoitwa «Sauti 014» haitamwambia mtu kitu miaka ishirini ijayo.

Likizo inakaribia, na wengi wetu tutarudi vijijini kwa wazee. Muwasalimu, na muulize kama wanakubali kurekodiwa.

Wenu katika kazi,
Sisi wasimamizi wa wanafunzi, darasa la mwisho