Jina la Kitoto Halimzuii Mtu Kukua

Swali ni lilelile, na mwezi haupiti bila mtu kuniuliza. Mzazi anaingia ofisini kwangu hapa Same mjini kwa ajili ya kiapo cha kupotelewa na kadi ya pikipiki au mkataba wa kuuziana shamba. Anamaliza shida yake, anakunja karatasi zake, halafu akiwa ameshafika mlangoni anageuka: "Samahani, wakili. Mke wangu anataka mtoto aitwe Nana. Sasa akija kuwa mtu mzima, tuseme amekuwa hakimu, hilo jina si litamwaibisha?" Kwa mwingine ni Lulu, kwa mwingine Bebi au Kiki. Bibi mmoja alishuka kutoka Chome na gari la alfajiri, akaniomba nimwite mkwewe nimweleze kisheria kwamba mjukuu hawezi kuitwa Prinsesi.

Anaweza. Na Nana anaweza kuwa hakimu. Nimejibu hivyo mara nyingi na bado naona nyuso haziridhiki, kwa hiyo leo nalijibu kwa kirefu.

Mzazi anayeuliza haogopi kicheko. Watoto wa shule hutaniana kwa jina lolote, hata Yohana na Mariamu, na utani huo huisha. Anachoogopa ni kitu kizito zaidi: kwamba jina humuumba mwenye jina. Ukimwita mtoto kwa jina la kudekeza, atadeka hadi uzeeni. Ukimwita Tabu, tabu itamwandama. Ukimwita Shida, mlango wa ndoa utafungwa. "Jina linaumba," wanasema, na siku hizi wako watu wazima wanaobadilishwa majina mkeshani wakiahidiwa kwamba kazi na mchumba vitafuata. Sina ugomvi na sala ya mtu yeyote. Nina ugomvi na dai hilo, kwa sababu linapimika, na kila linapopimwa linaanguka.

Tuanze na Unguja. Fatuma binti Baraka alizaliwa kichanga mdogo mno, wakamwita Kidude. Sijui mzazi wa Same anayeweza kuja na jina la kitoto kuliko hilo. Akazeeka nalo, akapiga nalo ngoma ya unyago na kuimba taarabu, akapokea nalo tuzo ya kimataifa ya WOMEX mwaka 2005, na alipofariki tarehe 17 Aprili 2013, taifa zima lilimlilia Bi Kidude. Yule ambaye Bi Kidude alijifunza kwake kuimba, Siti binti Saad, alipozaliwa alipewa jina la Mtumwa. Kama jina lingeumba, binti huyo asingevuka bahari mwaka 1928 kwenda Bombay kurekodi santuri zilizonunuliwa pwani nzima.

Bara hali ni hiyohiyo. Titi linasikika kama jina la kumbembelezea mtoto, lakini Bibi Titi Mohamed ndiye aliyewakusanya wanawake wa Dar es Salaam kuingia TANU kuanzia mwaka 1955, tena wengi kwa haraka kuliko wanaume walivyojitokeza, na leo barabara kubwa ya jiji lile inaitwa kwa jina lake. Tulia ndilo neno ambalo kila mama humwambia mtoto anayelia. Dkt. Tulia Ackson alikwenda nalo Chuo Kikuu cha Cape Town akarudi na udaktari wa sheria, akachaguliwa Spika wa Bunge Februari 2022, na Oktoba 2023 huko Luanda akachaguliwa kuwa rais wa Umoja wa Mabunge Duniani.

Nyumbani kwetu ushahidi uko kwenye sanduku la kura. Mwaka 2015 jimbo la Same Mashariki lilimtoa Anne Kilango Malecela likamchagua Naghenjwa Kaboyoka, aliyekuja kuongoza Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali. Mwaka 2020 likamrudisha Anne Kilango. Mmoja ana jina fupi la Kizungu ambalo mtoto wa chekechea analitamka bila shida, mwingine ana jina la Kipare ambalo liliwakwaza watangazaji wa Dar es Salaam kila siku. Wapiga kura wa Gonja na Ndungu waliwapima kwa mengine kabisa.

Utaniambia hao ni wachache waliojaliwa. Haya, tuwatazame wengi. Wachumi wawili wa Marekani, Roland Fryer na Steven Levitt, walichapisha mwaka 2004 uchambuzi wa kumbukumbu za vizazi vya jimbo la California, wakiwafuatilia wanawake kuanzia jina walilopewa siku ya kuzaliwa hadi maisha yao ya utu uzima. Kwa mtazamo wa haraka, wenye majina fulani walionekana kuishia pabaya. Lakini wachumi hao walipozingatia hali ya nyumba alikozaliwa kila mmoja (umaskini, elimu ya mama, mtaa), athari ya jina lenyewe haikuonekana. Kilichokuwa kimeharibu ni ufukara uliokuwapo kabla jina halijachaguliwa.

Mwaka huohuo wenzao, Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan, walituma maombi ya kazi ya kubuni yapatayo 5,000 kwa waajiri wa Boston na Chicago. Wasifu ulikuwa wa sifa sawa ila majina tofauti. Yaliyosikika kuwa ya Wazungu yaliitwa kwenye usaili kwa takriban asilimia 50 zaidi ya yaliyosikika kuwa ya Weusi. Naitaja kazi hii makusudi, maana wanaosema jina linaumba huikimbilia. Isomeni vizuri. Majina hayakumgusa mwombaji hata kidogo. Hao waombaji hawakuwapo. Yaliamsha ubaguzi uliokuwa tayari kichwani mwa mwajiri. Hilo ni kosa la mwajiri, na dawa yake ni sheria za ajira. Mkesha hauna msaada hapo.

Kuna sura nyingine ya imani hiihii inayoniudhi zaidi, kwa sababu inamhusu mtoto mgonjwa. Kichanga kinalia usiku kucha, wazee wanakaa wanasema kinalilia jina: kilipewa Nana wakati bibi mzaa baba alitaka jina lake lirudi. Majina ya marehemu yanatajwa moja baada ya jingine, na lile ambalo mtoto atanyamaza likitajwa ndilo lake. Daktari yeyote wa watoto atakueleza kwamba kilio cha kichanga hupanda tangu wiki za mwanzo, hufika kilele karibu wiki ya sita, kisha hushuka chenyewe kufikia mwezi wa tatu au wa nne. Familia hubadili jina wakati kilio kimefika kileleni, maana hapo ndipo uvumilivu umewaishia. Mwezi mmoja baadaye mtoto ametulia, na sifa zote zinakwenda kwa jina. Angetulia hata angeachiwa la kwanza. Na yule ambaye hakutulia kwa sababu ana homa au ana maumivu ya sikio, siku alizopotezewa kutafutiwa jina alistahili kuwa zahanati. Kumrithisha mtoto jina la bibi ni heshima, nami naipenda desturi hiyo. Kuifanya kuwa dozi ni hatari.

Jambo jingine linalosahaulika ni namna watu wanavyoitwa kwetu. Mwanamke mzima milimani huku nani anamwita kwa jina la utotoni peke yake? Akizaa ni Mama Elibariki. Akifundisha ni Mwalimu, akiwa zahanati ni Nesi au Daktari, kanisani ni mama mchungaji, kwenye kikundi cha tangawizi kule Mamba Myamba watamwita mwenyekiti. Na kwenye karatasi jina lake halisimami peke yake hata siku moja. Linafuatwa na la baba, kisha la babu au la ukoo. Nana Elisante Mbwambo ni jina kamili la mtu mzima, lina uzito wote ambao benki au mahakama itauhitaji. Waliobaki wakimwita Nana tu ni mama yake, ndugu zake na mume wake, na hao ndio waliokusudiwa tangu mwanzo.

Sasa nieleze kinachowaumiza watoto kweli, maana ndicho kinachojaza meza yangu.

Chukueni mfano huu ninaoutunga, ingawa kila siku napokea unaofanana nao. Nesi aliandika Nana kwenye kadi ya kliniki. Wiki chache baadaye mzazi akaona jina ni la kitoto, mtoto akabatizwa Naomi. Mjomba ndiye aliyempeleka kuandikishwa darasa la kwanza, akaandikisha Nakundwa kwa kuwa ndivyo bibi anavyomwita. Kitambulisho cha NIDA kimetoka kikisema Naomi N. Elisante. Cheti cha kidato cha nne ni Nakundwa, kwa sababu Baraza la Mitihani huandika jina lililosajiliwa. Cheti cha kuzaliwa, kilichofuatwa mbio baada ya matokeo ya kidato cha sita, kimesema Nana. Binti ana miaka 19, amefaulu, Bodi ya Mikopo inataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, na karatasi zake zinasomeka kama za wasichana watatu. Amekaa mbele yangu analia, na dirisha la maombi linafungwa Ijumaa.

Hakuna hata jina moja kati ya hayo lililo baya. Kilichomponza ni hofu ya watu wazima waliodhani wanamkinga na aibu. Wangemwacha Nana tangu kadi ya kliniki, leo angekuwa chuoni.

La kufanya, kwa kifupi. Kubalianeni jina kabla ya kuandikisha, bibi mzaa baba akiwamo. Mkitaka la kudekeza na la ukoo pia, yapeni yote mawili nafasi siku hiyohiyo, kwa mpangilio ambao hautabadilika. Andikeni herufi kwenye karatasi mumpe msajili. Msimtamkie tu, kwa sababu ndipo Naghenjwa anapogeuka Nagenja. Sajilini ndani ya siku 90. Baada ya hapo, kwa usajili wa kawaida, ada na vielelezo vinaongezeka. Mpango wa kusajili watoto walio chini ya miaka mitano, ulioanzia Mbeya mwaka 2013, umesogeza huduma na cheti hutolewa bila malipo, kwa hiyo ulizeni kituo cha afya au ofisi ya kata kabla ya kupanda gari. Jina la ubatizo au la akika liwe lilelile la cheti. Nendeni wenyewe kuandikisha darasa la kwanza mkiwa na cheti mkononi, na mkague majina tena kabla ya usajili wa darasa la saba na wa kidato cha nne.

Kwa ambao karatasi zimeshagongana: kosa la cheti cha kuzaliwa hurekebishwa RITA, kwa kuanzia ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Mtu mzima anayetaka jina jipya kabisa husaini hati ya kubadili jina na kuisajili kwa Msajili wa Hati. Kile kiapo cha haraka mnachonijia nacho, kwamba Nana, Naomi na Nakundwa ni mtu mmoja, hakibadilishi jina la mtu. Kinaeleza tu, na ofisi inayokipokea ina hiari ya kukikataa.

Mwenye kichanga ambacho hakijatimiza siku 90, akaandikishe wiki hii. Kama ni Nana, na aandikwe Nana.