Kinkina: mbele ya kung'oa mzizi, fanya hesabu

Tangu nimalize licence ya agronomia, wazazi wa kwetu wananiuliza swali moja: "Mwanangu, hii kinkina niing'oe sasa ao ningoje?" Najibu hapa kwa wote, maana wengi wetu tuna baba ao babu mwenye miti hiyo pembeni ya Butembo.

Kinini, dawa ya malaria, inatoka ndani ya ganda la kinkina: ganda la shina, la matawi na la mizizi. Kwa hiyo mtu akitaka feza yote mara moja, anang'oa mti mzima. Shida ni kwamba usine hailipe kilo peke yake, inapima kinini yenye iko ndani. Mti wa miaka 3 una ganda jembamba na kinini kidogo. Ukifika miaka 8 hivi, ganda limenenepa na kinini imepanda. Mwenye kung'oa mapema anauza kuni kwa bei ya kuni.

Kuna njia ingine. Kata shina karibu na udongo, acha mzizi. Utachipua. Chagua machipukizi 2 ao 3 yenye nguvu, ondoa mengine. Utavuna tena bila kupanda upya, na mzizi utaung'oa mwisho kabisa. Chunga tu maji yasisimame pale: mizizi ya kinkina inaoza haraka.

Najua jibu la wazazi: "Na vita?" Ni kweli. Mtu wa upande wa Beni mwenye kuogopa kwamba kesho hatarudi shambani, siwezi kumwambia angoje miaka 8. Na minervali ya watoto haingoje. Basi gawanya shamba: kila mwaka kata mistari kidogo, ingine ikomae.

Lakini usipande kilima chote kinkina. Leo kwa malaria kali OMS inatanguliza artesunate, dawa yenye chanzo chake ni artemisia, majani ya Wachina. Tu Youyou alipata tuzo ya Nobel 2015 juu ya kazi hiyo. Kinini ingali inatafutwa, ila haiko peke yake tena. Changanya na kahawa na maharagwe.

Wenye kusoma agronomia, likizo hii mwende shambani pamoja na wazazi, muhesabu miti na miaka yake mbele jembe halijaingia.